Injini ndogo za jeti: kilichobadilika kati ya toleo na toleo, na maana yake hapa Nakuru

Juu ya benchi yangu ya kazi, katika karakana iliyo upande wa viwandani hapa mjini Nakuru, yamelala magurudumu mawili ya alumini ambayo mtu asiyeyazoea atadhani ni pacha. Kila moja linaenea katika kiganja cha mkono, kila moja lina mapanga yaliyopinda ya kuvutia hewa, na kila moja limetoka katika injini ya jeti ya ndege ya mfano ambayo karatasi yake inataja msukumo wa takriban kilo 10. La kwanza limemiminwa katika kalibu, sawasawa na magurudumu ya tabo (turbo) za malori ninazokarabati kutwa nzima, na ukipitisha ukucha mgongoni mwake utahisi chengachenga za uso usiolainishwa. La pili limechongwa na mashine inayoongozwa kwa kompyuta kutoka bonge moja la alumini ngumu, na alama za kisu cha mashine bado zinaonekana, mistari myembamba iliyopangana kama matuta ya viazi kule Mau Narok yanapotazamwa kutoka mbali.

Nimeulizwa mara nyingi, hasa na vijana wa Kisumu waliokwisha kuona ndege hizi kwenye video, ni kwa nini injini mbili zenye msukumo ule ule zitofautiane bei hadi moja ikaribie mara mbili ya nyingine. Nitajaribu kulijibu swali hilo kwa utaratibu. Baada ya kuzifungua na kuzifunga injini hizi kwa miaka sita, nimekata kauli kwamba namba ya msukumo ndiyo habari ndogo kuliko zote zilizoandikwa kwenye karatasi, na kwamba kwa sisi tunaoishi mahali palipoinuka namna hii, mbali na kiwanda na mbali na fundi aliyeidhinishwa, tofauti zinazotugharimu au kutuokolea fedha zimo katika namna injini inavyowashwa, inavyopozwa na inavyolainisha beringi zake.

Mimi niliingia katika mambo haya kupitia tabo. Malori yanayopandisha Sachang'wan kuelekea Malaba hayana mchezo na tabo zao, na fundi aliyefanya kazi hiyo kwa muda hujua kwa kugusa tu kama shafti imelegea. Tabo ni nusu ya safari ya kuelekea jeti: upande mmoja moshi wa injini unazungusha gurudumu la chuma, na upande wa pili gurudumu la alumini lililo kwenye shafti hiyo hiyo linakandamiza hewa. Ukitia chemba ya mwako kati ya pande hizo mbili, ukamwaga mafuta ndani yake na kuyawasha, hewa iliyokandamizwa inapanuka, inalizungusha gurudumu la nyuma, na inayobaki inatoka mkiani kwa kasi na kuisukuma ndege. Hakuna pistoni wala vali za kupanda na kushuka. Kinachozunguka ni shafti moja yenye magurudumu mawili na beringi mbili.

Historia yenyewe inathibitisha undugu huo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mjerumani Kurt Schreckling alitengeneza nyumbani injini iliyofahamika kama FD 3/64, ambayo gurudumu lake la kukandamiza hewa lilikuwa la plaiwudi iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni, na gurudumu lake la nyuma lilikatwa kutoka bamba la chuma kinachostahimili joto, kisha mapanga yake yakapindwa kwa mkono. Msomaji alifikirie jambo hilo kwa makini: mbao, ndani ya injini ya jeti, zikafanya kazi. Miaka ya mwanzo ya 1990 Wafaransa wakaleta sokoni injini ya JPX T240 iliyotumia gesi ya propeni badala ya mafuta ya taa, na baadaye ukaja mchoro wa KJ66, ambao mpaka leo naweza kuuita mama wa injini nyingi tunazoziona. Hiyo 66 ni kipenyo cha gurudumu kwa milimita, na gurudumu lenyewe lilikuwa la tabo ya gari, la kununuliwa dukani. Mchoro huo ulisambazwa ili mtu yeyote mwenye mashine ya kukereza na subira ya kutosha aweze kuujenga.

Hesabu moja ya KJ66 ndiyo iliyonifanya nisilale siku ya kwanza nilipoifanya. Injini hiyo huzunguka hadi mara 117,000 kwa dakika, yaani mara 1,950 kwa sekunde. Gurudumu la milimita 66 lina mzingo wa takriban milimita 207, kwa hiyo ncha ya kila panga hukimbia zaidi ya mita 400 katika sekunde moja, kasi inayoipita ile ya sauti hewani. Kitu kidogo kinachotosha kiganjani kinajivuta kutoka ndani kwa nguvu ambayo alumini mbovu haiwezi kuihimili. Ndiyo maana tofauti kati ya gurudumu la kumiminwa na la kuchongwa si urembo. Kumimina huweza kuacha vijishimo vya hewa ndani ya chuma visivyoonekana kwa macho, na mtengenezaji anayejua hivyo hulazimika kuweka ukomo wa kasi ulio chini. Anayechonga kutoka bonge moja anaweza kupandisha kasi na kukandamiza hewa zaidi, na hivyo kupata msukumo ule ule kutoka injini iliyo nyembamba na nyepesi.

Mfano ulio wazi ni wa kampuni ya JetCat ya Ujerumani. P80-SE yao, injini iliyopendwa sana miaka ya 2000, ilitoa karibu nyutoni 97, yaani kama kilo 10, kwa mizunguko 125,000, ikiwa na kipenyo cha milimita 112 na uzito wa takriban gramu 1,300. Baadaye ikaja P100-RX yenye msukumo wa nyutoni 100, na hapo kipenyo kimeshuka hadi milimita 97, uzito umekaribia gramu 1,100, na mizunguko imepita 150,000. Mtu anayesoma namba ya msukumo pekee ataona ameongezewa nyutoni tatu tu na kuhisi amepunjwa. Anayesoma namba nyingine ataelewa kwamba tumbo la ndege limepata nafasi, pua imepunguziwa risasi ya kusawazishia uzito wa nyuma, na mafuta zaidi yanaweza kubebwa. Huko juu wanayo P400 inayokaribia nyutoni 400, na chini kabisa P20 yenye nyutoni 24 tu inayozunguka mara 245,000 kwa dakika. Kadiri gurudumu linavyopungua ndivyo linavyolazimika kukimbia, kwa maana ncha zake lazima zifikie kasi ile ile ndipo hewa ikandamizike.

Sasa niingie katika kuwasha, kwa kuwa hapa ndipo matoleo yanapotofautiana kama usiku na mchana.

Injini za kwanza zilihitaji mtu wa kuzipulizia. Ulishika blowa mbele ya mdomo wa injini hadi gurudumu lizunguke, mwenzako akafungua gesi, plagi ikawasha ile gesi ndani ya chemba, ukaendelea kupuliza hadi joto lipande, kisha ukaingiza mafuta ya taa kidogo kidogo huku ukisikiliza mlio. Ukipuliza kidogo mafuta yalitanda ndani yakawaka mkiani, na ukiondoa blowa mapema injini ililala. Kizazi kilichofuata kilipachikwa stata ndogo ya umeme puani na kompyuta ya kuiongoza, nayo gesi ikabaki kama kiwashio. Kizazi cha tatu kikaiacha gesi kabisa. Ndani ya chemba kuna kijibomba chenye uzi wa umeme unaopata joto kali, matone ya mafuta ya taa yanaanguka juu yake, yanageuka mvuke na kushika moto, na mwali huo mdogo ndio unaoiandaa chemba kupokea mafuta yenyewe.

Injini yangu ya kwanza ilikuwa ya kizazi cha kati, niliyoinunua ikiwa imetumika kutoka kwa muuzaji wa ng'ambo aliyeniandikia kwamba ilikuwa imefanya kazi saa tatu tu. Nilipounganisha kompyuta yake nikakuta kumbukumbu inasema saa 31. Sikuwa na la kufanya, fedha zilikuwa zimekwisha kwenda. Shida kubwa ikawa gesi. Mitungi midogo inayotumiwa na watu wa Ulaya haikupatikana hapa Nakuru, nami nikahamisha gesi kutoka mtungi wa kupikia kwa njia ambayo sitaieleza kwa sababu ni ya hatari na sitaki mtu aiige. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propeni na byuteni, na byuteni huwa nzito kugeuka mvuke panapokuwa na baridi. Asubuhi za Julai huku kwetu, ukungu unaposhuka kutoka Mau, gesi ilitoka kwa unyonge, mwali ukawa dhaifu, na kompyuta ikasitisha jaribio moja baada ya jingine. Saa tano mchana, jua likishapanda, injini ile ile iliwaka kwa mara ya kwanza bila kusita. Niliteseka na plagi kwa majuma matatu kabla ya kutambua kwamba kosa lilikuwa la hali ya hewa.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kuibadilisha iwashwe kwa mafuta ya taa, niliona ni ukombozi. Kifurushi cha kubadilishia kilikuwa na kiwashio kipya, vali mbili za umeme, mrija na programu mpya ya kompyuta, na kazi ya kukifunga ilichukua jioni moja. Jaribio la kwanza likanitia hofu. Kiwashio kiliwaka vizuri, stata ikazungusha, kisha mafuta yakaingia kwa wingi na mwali wa rangi ya machungwa wenye urefu wa mkono mzima ukatoka mkiani. Joto la moshi, ambalo kwa kawaida hukaa kati ya nyuzi 500 na 700 injini inapofanya kazi, likapita 850 kabla kompyuta haijakata mafuta. Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa na mtungi wa kuzimia moto tayari, wa hewa ya kaboni na si wa unga, kwa sababu unga ukiingia katika injini utakuwa umeua ulichotaka kuokoa.

"Mzee, hii imekunywa sana," aliniambia.

Alikuwa amesema kweli. Pampu ilikuwa imepangwa kiwandani kwa hewa ya karibu na usawa wa bahari. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na kila lita ya hewa inayoingia ina oksijeni pungufu, kwa hiyo kipimo cha mafuta kinachofaa kule ni cha kupindukia huku. Nikashusha nguvu ya pampu ya kuwashia, nikapunguza mwendo wa kuongeza mafuta, nikarudia mara nne nikishusha kidogo kidogo, hadi injini ikapanda kutoka kimya hadi mizunguko ya kupumzika, ambayo kwa injini kama hii ni karibu 35,000, bila mwali kuonekana nje. Kompyuta za matoleo mapya huyasoma mambo haya zenyewe kwa kiasi kikubwa: zinaangalia joto linapanda kwa kasi gani, na zikiona linakimbia zinapunguza mafuta kabla halijafika pabaya. Huo ni uboreshaji ambao hauongezi hata gramu moja ya msukumo, na mimi ningeulipia kabla ya kulipia kilo mbili za ziada.

Kupoza kunahusiana na stata hiyo hiyo, ingawa wengi hawalijui. Ukizima injini, sehemu ya nyuma bado ina joto la mamia ya nyuzi, na joto hilo hutembea polepole kupitia shafti hadi kwenye beringi zilizosimama bila mafuta. Stata huendelea kuzungusha shafti kwa vipindi, ikivuta hewa baridi, hadi joto lishuke kufikia karibu nyuzi 100. Katika injini za zamani zisizo na stata mtu alilazimika kusimama na blowa. Katika injini yangu stata ilikuwapo, ila ilishikana na gurudumu kwa oringi ya mpira iliyobana nati ya mbele, na oringi hiyo ikipata unyevu wa oili huteleza. Siku moja betri ilikuwa imechoka, oringi ikateleza, na injini ikakaa na joto lake dakika nzima kabla sijaikimbilia. Siku ya pili nikaizungusha kwa kidole na kusikia mchakacho mdogo, kama chembe ya mchanga kati ya meno. Beringi ya nyuma ilikuwa imekwenda. Matoleo ya karibuni yana stata zisizo na brashi, zenye nguvu zaidi na zinazotumia umeme kidogo, na mshiko wake ni wa uhakika kuliko ule wa zamani.

Hizo beringi zinastahili aya yake. Katika KJ66 na jamaa zake wengi, beringi ni ya saizi ya 608, yenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha milimita 22. Ni saizi ile ile iliyomo katika viatu vya magurudumu vya watoto, na ndiyo sababu kuna watu wanaoamini wanaweza kununua ya shilingi mia moja mtaani na kuifunga. Haitafua dafu. Beringi ya jeti ina gololi za kauri, silikoni naitraidi, ambazo uzito wake ni kama asilimia 40 ya zile za chuma. Gololi nyepesi hazijibamizi sana kwenye njia yake zinapozunguka kwa kasi, hazipanuki sana kwa joto, na zinavumilia kukosa oili kwa sekunde chache. Injini za mwanzo zenye gololi za chuma zilihitaji kufunguliwa mara kwa mara, lakini ujio wa kauri ndio uliowawezesha watengenezaji kutaja vipindi vya huduma vya saa 25, na baadhi ya matoleo mapya yakavuka hapo. Nimezishika zote mbili chini ya kioo cha kukuzia. Gololi ya chuma iliyoungua huwa na rangi ya bluu na kahawia kama ngozi ya mende, wakati ya kauri hubaki nyeusi na kung'aa hata kama kikapu kinachoishikilia kimeanza kusagika.

Kulainisha nako kumerahisishwa. Zamani baadhi ya injini zilikuwa na kichupa cha oili pembeni, na mwenye kusahau kukijaza alijuta. Sasa oili ya jeti huchanganywa moja kwa moja na mafuta ya taa, kwa kawaida karibu asilimia 5, yaani lita moja katika lita 20, na sehemu ndogo ya mchanganyiko huo hupelekwa na mrija mwembamba hadi kwenye beringi, kisha huungua pamoja na mengine. Mrija huo ni mwembamba kiasi kwamba kipande cha uchafu kisichozidi punje ya ufuta kinaweza kuuziba. Oili yenyewe ni sumu kwa ngozi na mapafu, kwa hiyo mimi huvaa glavu na huichanganyia nje.

Kuhusu mafuta ya taa nina neno kwa Wakenya wenzangu. Mafuta ya taa na mafuta ya ndege ya Jet A-1 ni ndugu wa karibu sana, na injini hizi haziyabagui. Tatizo letu ni yanayotokea njiani. Uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa ulizidi hadi serikali ikaweka ushuru wa Sh18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kufuta pengo la bei lililowavutia wachakachuaji, na ingawa lengo lilikuwa kuilinda dizeli, mtu anayenunua mafuta ya taa kwenye pipa la mtaani bado hawezi kujua pipa hilo lilibeba nini jana. Mimi huyaacha yatulie usiku kucha katika chupa ya kioo, nitazame kama kuna maji chini, kisha niyachuje kwa filta mbili. Nimewahi kukuta tabaka la maji la unene wa kidole, na siku hiyo nilimwaga lita tano bila majuto.

Jambo jingine lililobadilika ni mahali pa vifaa. Injini yangu ya zamani ilikuja na pampu upande mmoja, vali mbili upande wa pili, kompyuta, betri, na mirija inayopishana kama utumbo. Kila kiungo cha mrija ni mahali ambapo hewa inaweza kuingia, na povu la hewa likifika katika chemba mwali hukatika na ndege inabaki angani bila msukumo, ikienda arijojo kama tiara iliyokatika uzi. Katika matoleo mengi ya sasa pampu na vali zimeingizwa ndani ya ganda la mbele la injini, kinachoingia ni mrija mmoja wa mafuta na waya, na taarifa za joto na mizunguko hurudishwa kwenye rimoti ya rubani ndege ikiwa hewani. Nyingine hujiwasha upya zenyewe mwali unapokatika. Ubaya wake ni mmoja, nami nautaja kwa uzito: pampu ya nje ikifa naweza kutafuta mbadala na kuifunga jioni hiyo hiyo, ilhali ya ndani ikifa mara nyingi injini nzima hufungwa katika sanduku na kurudishwa ng'ambo, na nauli ya kwenda na kurudi pamoja na ushuru si fedha ndogo. Kwa mtu wa Ujerumani au wa Taiwan, wanakotengeneza injini za KingTech, hilo si neno. Kwa mtu wa Nakuru ni miezi miwili ya kusubiri.

Sasa nirudi kwenye zile kilo 10, ambazo nilisema ni habari ndogo. Msukumo unaoandikwa kwenye karatasi hupimwa kwa hewa ya kawaida ya usawa wa bahari yenye nyuzi 15. Mchana wa Nakuru wenye nyuzi 25, hewa yetu ina uzito wa karibu robo tatu na ushei tu wa hewa hiyo. Nililijua kwa hesabu, lakini nilitaka kuliona. Nikaifunga injini kwenye kigari cha reli fupi, nikaiunganisha na mizani ya kuning'iniza, na siku ya jua kali pale shambani upande wa Njoro mizani ikasoma kilo 7.6 kwenye mizunguko ya juu kabisa. Majuma mawili baadaye nikaipakia injini hiyo hiyo, mafuta hayo hayo na kigari hicho hicho hadi Kisumu, ambako kimo ni kama mita 1,130. Mizani yangu ilikuwa imepata hitilafu njiani, na mama mmoja anayeuza samaki Dunga akakubali kuniazima yake baada ya kunitaka nimweleze mara mbili ninachotaka kupima. Asubuhi, kwenye uwanja ulio kando ya mashamba ya miwa kule Kibos, mizani yake ilisoma kilo 8.3. Nilirudia mara tatu, haikutofautiana hata kwa nusu ratili. Nikairudisha imepanguswa vizuri, na yeye akaniuliza kama sasa nimeridhika na uzito wa upepo.

Tofauti hiyo ya kilo 0.7 ni ya kushuka Bonde la Ufa kuelekea ziwani tu, bila kubadilisha skrubu moja. Na mambo hayaishii hapo, kwa sababu hewa nyepesi huinyima injini msukumo na wakati huo huo huyanyima mabawa nguvu ya kuinua. Kwa hewa yetu ya mchana ndege inahitaji kasi ya ziada ya karibu asilimia 14 ili iache ardhi, huku injini inayotakiwa kuifikisha kasi hiyo imepungukiwa na robo ya nguvu. Njia ya kurukia inayomtosha mtu wa pwani haitoshi hapa. Kwa hesabu yangu, ndege inayohitaji kilo 10 za kweli hapa Nakuru ipewe injini iliyoandikwa kilo 13, na Kisumu ipewe ya 12. Tena injini hiyo kubwa inakunywa: ya daraja la kilo 10 humaliza takriban theluthi ya lita kwa dakika ikiwa kwenye nguvu zote, na P200 ya JetCat humaliza mililita 730. P200 ndiyo injini ambayo Mswisi Yves Rossy alijifunga nne mgongoni, katika bawa lake, akavuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza tarehe 26 Septemba 2008 kwa muda usiofika dakika 10, na tukizidisha matumizi hayo kwa nne tunaelewa kwa nini safari yenyewe haikuweza kuwa ndefu.

Je, mwenye injini ya zamani aiboreshe au anunue mpya? Kama ina gurudumu zima, yaani ukipitisha fila geji, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi, kati ya ncha za mapanga na ganda unapata nafasi ile ile pande zote, karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na hakuna alama ya kusuguana, basi mimi ningeiwekea beringi mpya za kauri na kuibadilisha iwashwe kwa mafuta ya taa. Kama mapanga ya gurudumu la nyuma, lile la aloi ya nikeli iitwayo Inconel, yana ufa hata wa unywele, injini hiyo iwe pambo la mezani. Panga likikatika kwenye mizunguko 120,000 hakuna anayejua litakwenda wapi. Na anayenunua mpya apime ni mara ngapi ataweza kuirudisha kiwandani, kisha auulizie uendeshaji wake kwa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, mapema, kwa kuwa vyombo vya angani visivyo na rubani vina kanuni zake tangu 2020, na ndege ya jeti inayokimbia kilomita 300 kwa saa si ya kurusha karibu na makazi ya watu wala karibu na ziwa lenye ndege wa Mungu.

Lile gurudumu la kumiminwa nililipima jana jioni. Halina ufa, mapanga yake yamekwaruzwa kidogo na vumbi la Februari, lakini nafasi ya pande zote ni sawa. Nimeliosha kwa mafuta safi, nimelifunga katika kitambaa, na beringi mbili za kauri ziko posta zikisubiri ushuru wake ulipwe. Zikitoka, injini itarudi kwenye kigari kule Njoro, mapema asubuhi kabla jua halijakolea, na safari hii nitakuwa na mizani miwili.